Fleti ya yen milioni 3.8 Saitama: ninunue au niache?

Shikamoo mama,

Mimi ni kijana wa Tanga, naishi Saitama na familia yangu miaka kadhaa sasa. Nafanya kazi kwenye yadi ya magari yaliyotumika. Tunanunua mnadani, tunapakia kwenye kontena, yanakwenda Dar es Salaam na Mombasa. Mke wangu yuko kiwanda cha bento, chakula cha kufungasha, zamu ya usiku, na mtoto wetu anasoma shule ya msingi. Bado tuna visa ya kazi, ukaazi wa kudumu hatujaupata.

Jirani alinikutanisha na dalali wa nyumba. Huyo dalali ana fleti pembezoni mwa Kasukabe, jengo la mwaka 1974, ghorofa ya nne kati ya tano, lifti hakuna. Kutoka kituo cha treni unapanda basi. Ukubwa ni mita za mraba 50, na jengo lote lina nyumba 40. Bei ni yen milioni 3.8. Mama, kwa pesa hiyo hata gari zuri la mnadani hupati mawili! Ndani yupo mpangaji, mzee aliyekaa humo miaka mingi, analipa pango la yen 45,000 kila mwezi. Dalali anasema hiyo ni faida ya asilimia 14 kwa mwaka, na pesa inaanza kuingia tangu siku ya kwanza. Makato ni yen 8,500 ya uendeshaji na 6,000 ya mfuko wa matengenezo. Anasema pia jengo limeshazeeka, likija kubomolewa nitapewa fleti mpya mahali pale pale. Na kama nataka kubwa zaidi, anasema nichukue mkopo wa benki wa makazi halafu nipangishe tu, watu wengi wanafanya hivyo.

Akiba yetu ni milioni 3. Dada yangu aliyeko Muscat amekubali kuongeza milioni 2 ili tumiliki pamoja na tugawane pango. Mke wangu hataki. Anasema pesa hiyo tununue kiwanja Kibaha tuanze msingi. Mimi naona Japani sheria zake ni safi, mgeni anamiliki kwa jina lake bila ujanja, na nyumba iko hapa hapa nikiiona kwa macho. Nyumbani nikituma pesa ya tofali sijui kama inafika kwenye tofali.

Nimeshajaza fomu ya kuomba kununua. Dalali anataka tusaini mkataba wiki ijayo, anasema kuna mtu mwingine anaisubiri. Nyumba yenyewe ndani sijaiona, kwa sababu mpangaji yupo. Nishauri mama, nisije nikaipoteza bahati hii.

Mwanao wa yadi, Saitama

*

Marahaba mwanangu,

Fleti hii usiinunue. Nimeanza na jibu kwa sababu wiki ijayo si mbali, nisingependa ulitafute katikati ya barua. Fomu uliyojaza ni maombi tu, bado hujafunga mkataba. Unaweza kujiondoa leo, na kama uliweka pesa ya kuonyesha nia pamoja na fomu hiyo, urudishiwe. Ukishasaini mkataba na kutoa malipo ya awali wanayoyaita tetsuke, kujiondoa kwa hiari yako kutakugharimu pesa hiyo yote. Kwa hiyo bado una nafasi, itumie.

Sikuambii hivyo kwa kuwa nadhani nyumba za zamani za Japani ni mbaya. Uliposema sheria ni safi uko sahihi kabisa: mgeni ananunua ardhi na jengo kwa jina lake, anasajiliwa kama Mjapani, na hakuna wa kumnyang'anya. Ila jua kwamba umiliki huo hauongezi hata siku moja kwenye visa yako. Na jua kitu kimoja zaidi ambacho dalali hakukueleza, nacho ndicho kiini cha jibu langu. Mwenye fleti kwenye jengo kama hilo ni mwanachama wa chama cha wamiliki wote 40, kanri kumiai, atake asitake. Ukinunua, unaingia kwenye mfuko wao na madeni yao, na utaishi na maamuzi yao ya miaka 50 iliyopita. Sebule na jiko ni sehemu ndogo tu ya unacholipia.

Mimi ni mmiliki katika jengo la miaka ya 80, na nimekaa kwenye kamati yake, maana kwetu zamu huzunguka mlango kwa mlango. Kuna mkutano mkuu mmoja siusahau. Fundi alikuja na kipande cha bomba la maji alilolikata kutoka kwenye jengo letu, akaliweka mezani juu ya gazeti. Kwa nje lilikuwa bomba la kawaida. Kwa ndani kutu ilikuwa imejaa mpaka tundu lililobaki kidole changu kidogo hakikupita. Tukalipitisha mkono kwa mkono, kila mtu akachungulia. Kisha mwenyekiti akasoma gharama ya kubadilisha mabomba yote, akaeleza kwamba mfuko hautoshi, na kwamba mchango wa kila mwezi ungepaswa kupanda zaidi ya mara mbili. Bibi mmoja wa ghorofa ya chini akasimama, mikono ikimtetemeka, akasema pensheni yake haipandi, akaomba tusubiri kidogo. Nani angemkatalia? Kura zikapigwa, nyongeza ikaahirishwa. Kabla mwaka haujaisha, bomba likapasuka ghorofa ya tatu, na maji yakashuka mpaka kwenye matandiko ya yule yule bibi.

Sasa tazama hiyo yen 6,000 yako. Wizara ya Ardhi, Miundombinu na Uchukuzi ya Japani ina mwongozo wa mfuko wa matengenezo, uliorekebishwa 2021. Kwa majengo madogo, yale ambayo eneo lake lote halifiki mita za mraba 5,000, wastani wake ni yen 335 kwa kila mita ya mraba kwa mwezi. Fleti ya mita 50 ingepaswa kuchangia kama yen 16,750. Jengo lenu linachangia 6,000. Huenda wana akiba nzuri ya zamani, huenda kazi kubwa zimeshafanyika na kulipwa. Lakini kwa jengo la 1974 lenye nyumba 40, mimi ningeamini kwanza kwamba wenye nyumba wamezeeka, wamekuwa wakiahirisha, na bili inamsubiri atakayeingia.

Tuifanye hesabu upya. Pango la mwaka ni 540,000. Ukigawanya kwa milioni 3.8 unapata ile asilimia 14, na hapo ndipo dalali alipoishia. Toa makato mawili ya chama, 174,000. Toa kodi ya mali ya kila mwaka, tuikadirie 45,000. Toa ada ya kampuni ya kukusimamia mpangaji, kama asilimia 5, yaani 27,000. Umebaki na 294,000. Na hukununua kwa milioni 3.8. Tangu Julai 2024, kwa nyumba zisizozidi yen milioni 8, dalali anaruhusiwa kutoza hadi 330,000 pamoja na kodi ya mauzo. Ongeza usajili, stempu, na kodi ya kupata nyumba, ambayo huja kwa barua miezi kadhaa baadaye wakati umeshaisahau. Tuseme 250,000 kwa jumla. Umetumia karibu milioni 4.4, kwa hiyo faida imeshuka hadi chini ya asilimia 7. Mchango wa matengenezo ukipanda kufikia ule wa mwongozo, unabaki na kama 165,000 kwa mwaka, chini ya asilimia 4. Na hapo kodi ya mapato hatujaigusa.

Kisha mzee anahama, au anafariki, Mungu amjalie umri. Fleti ya mwaka huo iliyokaliwa miongo bila kufunguliwa, mimi naweza kukuchorea bila kuiona. Bafuni kuna lile sanduku la gesi la kupashia maji, la kuzungusha kwa mkono, baransu-gama, limebanwa kando ya beseni fupi ambalo mtu mzima anakaa amekunja magoti. Mashine ya kufulia haina mahali pake, labda ipo kibarazani. Umeme ni mdogo, kiyoyozi na jiko vikiwashwa pamoja swichi inaruka. Tatami, ile mikeka ya sakafuni, zimelegea, na chini ya sinki mbao zimevimba. Uchakavu wa kawaida wa miaka yote hiyo ni juu ya mwenye nyumba, humdai mpangaji. Amana aliyoweka zamani ni wewe utakayemrudishia, hata kama pesa yenyewe alikula mwenye nyumba wa kwanza. Kuirekebisha ili mtu aipande kwa ngazi ghorofa nne baada ya kushuka kwenye basi, tenga milioni 1. Hiyo ni faida yako ya miaka sita, na miezi yote ambayo fleti iko tupu chama kinakudai kama kawaida.

Hilo la kutoiona ndani ni la kweli, dalali hakukudanganya. Nyumba zinazouzwa pamoja na mpangaji huwa hivyo. Ndiyo maana ni rahisi. Wala usidhani utamwondoa mzee ukitaka kuhamia mwenyewe. Kwa mkataba wa kawaida wa upangaji, sheria ya Japani inamlinda mpangaji sana, na mwenye nyumba anahitaji sababu nzito mno. Kama binadamu naona ni haki. Kwa mwekezaji mwenye akiba ya milioni 3, ni jambo la kulijua kabla.

Tetemeko nalo. Kanuni za ujenzi za kuhimili tetemeko zilibadilishwa tarehe 1 Juni 1981, na kinachoangaliwa ni tarehe ya kibali cha ujenzi, hivyo hata jengo lililokamilika 1982 laweza kuwa la kanuni ya zamani. La kwako ni la zamani bila shaka. Kobe mwaka 1995 walikufa zaidi ya watu 6,000, na majengo ya kabla ya 1981 ndiyo yaliyoumia zaidi. Nisikutie hofu kupita kiasi: majengo mafupi ya ghorofa tano yanayobebwa na kuta nene za zege, ambayo ni mengi kwenye mitaa ya namna hiyo, yalisimama vizuri sana Kobe. Kwa hiyo uliza limejengwa vipi, na kama limepimwa. Kipimo hicho kinaitwa taishin shindan. Dalali akijibu "halijapimwa" bila aibu, hilo pia ni jibu. Halafu Kasukabe ni bondeni. Lile handaki kubwa la kumeza maji ya mafuriko, lililokamilika 2006, lilichimbwa huko kwa sababu mito ya eneo lile hufurika. Tangu Agosti 2020 dalali analazimika kukuonyesha nyumba iko wapi kwenye ramani ya mafuriko ya manispaa. Ghorofa ya nne maji hayafiki, lakini pampu na swichi kuu kwa kawaida ziko chini.

Kuhusu kubomoa na kupewa mpya, hapa dalali amenikasirisha. Kubomoa na kujenga upya kulihitaji kura nne kati ya kila tano za wamiliki, na marekebisho ya sheria yaliyopitishwa 2025 yamelegeza hadi robo tatu kwa majengo yenye kasoro fulani, kama ya kutohimili tetemeko. Lakini kura hazijengi. Mfano ambao kila dalali anaupenda ni ule wa Suwa, Tama New Town, magharibi mwa Tokyo: nyumba 640 za zamani zikabomolewa, zikajengwa 1,249, zikakamilika 2013. Hesabu iliwezekana kwa sababu mahali penyewe ni karibu na kituo, na zile nyumba za ziada zilipata wanunuzi, pesa yao ikabeba gharama. Je, nani atanunua fleti mpya 40 za ziada pale kwenu, mwendo wa basi, wakati idadi ya watu Japani imekuwa ikipungua tangu ilipofika kilele 2008, na utafiti wa serikali wa makazi wa 2023 umekadiria nyumba tupu milioni 9? Bila wanunuzi hao, gharama ni ya wenye jengo, yaani wewe na wazee wenzako.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni kutoka. Gari likikukatalia unaliuza vipuri. Fleti ya Japani huwezi kuitupa. Serikali ilianzisha Aprili 2023 utaratibu wa kurudisha ardhi iliyorithiwa, lakini ardhi yenye jengo juu yake haipokelewi. Huko Yuzawa, mkoa wa Niigata, kuna fleti za mapumziko za enzi za neema ya uchumi ambazo leo zinauzwa kwa yen 100,000, na hata hapo wanunuzi wanasita kwa sababu ya makato ya kila mwezi. Na malimbikizo ya aliyetangulia yanamfuata mnunuzi: kama muuzaji hakulipa chama miaka miwili, sheria inakiruhusu chama kukudai wewe.

Dada yako wa Muscat ananipa mawazo. Akiandikwa kama mmiliki, yeye ni mtu asiyeishi Japani. Ununuzi wa uwekezaji lazima autolee taarifa kwa Waziri wa Fedha kupitia Benki ya Japani ndani ya siku 20. Sehemu yake ya pango inahitaji ritani ya kodi hapa, na wakala wa kodi hapa, nozei kanrinin. Siku ya kuuza, mnunuzi ambaye hanunui kwa ajili ya kuishi mwenyewe au jamaa zake anatakiwa kukata asilimia 10.21 ya bei ya sehemu ya dada yako na kuipeleka serikalini, kisha dada afuatilie marejesho. Akifariki, tangu Aprili 2024 warithi wana miaka mitatu kusajili urithi, kwa karatasi za kutoka huko zilizotafsiriwa. Yote haya kwa nusu ya 165,000 kwa mwaka? Na yen ile ile iliyokuwa kama 110 kwa dola mwaka 2021 ilivuka 160 mwaka 2024, kwa hiyo hata pango likija kamili, kwake linaweza kufika limepungua. Mwambie ukweli huo kabla hajatuma. Wewe nawe, ukirudi Tanga moja kwa moja, utakuwa kwenye nafasi hiyo hiyo.

Kuhusu mkopo wa makazi wa kupangishia, huo ni uvunjaji wa mkataba na benki, na benki ikigundua inaweza kudai deni lote mara moja. Wewe bado unatafuta ukaazi wa kudumu. Anayekushauri hivyo hakutakii mema, hata akikuletea zawadi.

Kama baada ya haya bado moyo uko kwenye fleti, na siwezi kukulaumu, tafuta ya kuweza kuishi ninyi wenyewe. Iwe tupu, uione, ufungue kabati za chini ya sinki, uende usiku uone madirisha mangapi yana taa. Kibali kiwe cha baada ya Juni 1981, kutembea kwa miguu kutoka kituoni. Bei itakuwa mara tatu au nne, hivyo itabidi msubiri. Ila mkiacha kulipa pango la watu, akiba mtaiona, na mkiondoka mtapata wa kumuuzia. Kiwanja cha Kibaha sikijibu leo kwa sababu hujaniambia kina hati au la, lakini mke wako anayekesha kiwandani pesa hiyo ni yake pia, na barua yako imemtaja kama kikwazo. Mkae wote wawili na hesabu hii mezani.

Kwa kila fleti utakayoitazama, kabla ya bei, mwombe dalali karatasi tatu kwa majina yake: juyo jiko chosa hokokusho, inayoonyesha salio la mfuko, malimbikizo na nyongeza zinazopangwa, choki shuzen keikaku, mpango wa matengenezo wa miaka ijayo, na sokai gijiroku, kumbukumbu za mikutano mikuu ya miaka ya karibuni. Kumbukumbu hizo msomewe na mtu anayesoma Kijapani vizuri na asiyelipwa na dalali. Humo ndimo utakuta nani anadaiwa, bomba lipi linavuja, na nyongeza iliahirishwa mara ngapi. Ukiambiwa chama hakina mpango, au karatasi zitakuja baada ya kusaini, shukuru kwa adabu uondoke.

Na huyo wa wiki ijayo mpigie kesho asubuhi. Mwambie unafuta maombi, na umwombe akuandikie kwamba yamefutwa.